Chipu Chini ya Ngozi: Historia ya Utambulisho Uliopandikizwa Mwilini

Chipu ya utambulisho inayopandikizwa mwilini ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 na unene wa milimita 2 hivi, karibu sawa na punje ya mchele. Ndani yake mna kibao kidogo cha silikoni kilichohifadhi namba, pamoja na waya mwembamba uliozungushwa kuwa antena. Haina betri. Inaposogezewa kisomaji kwa umbali wa sentimita chache, mawimbi ya redio ya kisomaji hicho huzalisha umeme kidogo ndani ya waya. Chipu huamka, hutaja namba yake, kisha hunyamaza. Namba hiyo haimwambii mtu lolote mpaka ilinganishwe na orodha iliyohifadhiwa mahali pengine: ya hospitali, ya mwajiri, ya benki au ya serikali. Kwa hiyo historia ya chipu ina mizizi miwili, redio na daftari la majina, na kila mmoja ulikua peke yake kwa miaka mingi.

Daftari na redio, 1915–1973

Daftari lilitangulia. Serikali za kikoloni zilitaka kujua nani ni nani ili zikusanye kodi na kuwadhibiti vibarua, na Kenya ni mfano mchungu wa jambo hilo. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kubeba kipande, yaani karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mlowezi wa Kizungu hakukibeba. Aliyetoroka shambani alisakwa kwa kumbukumbu zilizowekwa Nairobi, na mwajiri aliweza kumzuia mfanyakazi asipate kazi kwingine kwa kukataa tu kutia saini kwamba amemwachilia. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomsukuma mwanaharakati Harry Thuku kuwahutubia watu mwaka 1921 na 1922, na alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Utaratibu huo wa kibaguzi uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Nchini Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930. Neno hilo liliachwa humo baada ya uhuru, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, lilitosha kumtoa mtu uhai. Makarani walioliandika kwanza hawakuwa na mpango wa mauaji ya kimbari. Kumbukumbu waliyoianzisha iliwakuta wengine, miaka 60 baadaye, wakiwa na nia tofauti kabisa. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila panapozungumzwa kitambulisho ambacho mtu hawezi kukiweka kando.

Redio ilikuja kwa njia ya vita na ujasusi. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zilifungwa vifaa vilivyojibu mawimbi ya rada ili zisidhaniwe kuwa za adui. Mwaka 1945 watoto wa shule wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Ndani ya nembo hiyo mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Léon Theremin, kisicho na betri wala waya wa umeme, ambacho kilifanya kazi pale tu kilipomulikwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Kilining'inia ukutani hadi kilipogunduliwa mwaka 1952. Kanuni ya kitu kilicholala ambacho huamshwa na redio ya mwingine ndiyo inayoendesha chipu za leo. Mwaka 1973 Mmarekani Mario Cardullo alipata hataza ya kibandiko cha redio chenye kumbukumbu, na mwaka huohuo Charles Walton alipata ya kwake ya kadi inayofungua mlango bila ufunguo.

Mifugo na wanyamapori, miaka ya 1970 hadi 1996

Kabla ya binadamu, walianza ng'ombe. Wanasayansi wa maabara ya Los Alamos huko New Mexico, waliokuwa wamezoea kushughulikia silaha za nyuklia, waliombwa katika miaka ya 1970 kutengeneza kifaa cha kutambua ng'ombe mmojammoja ili magonjwa na dawa zifuatiliwe. Miaka ya 1980 vidonge vya kioo vilianza kudungwa kwa sindano nene ndani ya samaki, farasi, mbwa na paka. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa viwango viwili, namba 11784 na 11785, vilivyoafikiana juu ya masafa ya kilohezi 134.2 na namba yenye tarakimu 15. Baadaye Umoja wa Ulaya ulifanya chipu kuwa sharti kwa mbwa na paka wanaovuka mipaka ya nchi wanachama. Nchini Kenya, mwaka 2013, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipokea chipu 1,000 kutoka kwa shirika la uhifadhi la WWF ili kuziweka kwenye pembe za vifaru, pembe iliyoibwa ipate kuunganishwa na mnyama aliyeuawa na ushahidi usimame mahakamani.

Faida kwa wanyama ni ya kweli. Mbwa aliyepotea hurudishwa kwao, na jangili hubanwa. Lakini mnyama ana mwenyewe, na chipu ilitengenezwa kwa ajili ya huyo mwenyewe. Teknolojia ilipohamishiwa kwa binadamu, swali la nani anashika nafasi ya mwenyewe lilihama nayo.

Wa kwanza, 1997 na 1998

Swali hilo liliulizwa wazi na msanii wa Brazil, Eduardo Kac. Tarehe 11 Novemba 1997, mjini São Paulo, alijidunga mguuni chipu iliyokusudiwa wanyama, kisha akajiandikisha katika orodha ya wanyama ya Marekani kwa nafasi zote mbili: mnyama na mmiliki wake.

Miezi tisa baadaye, tarehe 24 Agosti 1998, Profesa Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, aliwekewa chipu mkononi na daktari. Kwa siku tisa milango ya idara yake ilimfungukia, taa ziliwaka alipopita, na kompyuta ilijua yuko chumba gani. Warwick alilifurahia jaribio hilo, lakini hata yeye alieleza kwamba mwajiri angeweza kwa njia hiyohiyo kujua mfanyakazi ameingia chooni saa ngapi. Ahadi na hatari zilionekana siku moja.

Biashara inaanza, 2001–2005

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ndiyo yaliyofungua soko. Wazima moto walioingia katika majengo ya New York walionekana wakiandika namba zao kwenye ngozi kwa kalamu, ili miili yao itambuliwe kama wangefia humo. Richard Seelig, daktari wa upasuaji aliyekuwa akishirikiana na kampuni ya Applied Digital Solutions ya Florida, aliona picha hizo, na siku chache baadaye akajidunga chipu mbili, moja mkononi na nyingine nyongani. Kampuni iliipa bidhaa hiyo jina la VeriChip. Mei 2002 familia moja ya Florida, baba, mama na mtoto wa kiume, walipandikizwa mbele ya kamera za televisheni.

Hoja kuu ya kampuni ilikuwa ya kitabibu, na haikuwa dhaifu. Mgonjwa anayefikishwa hospitali akiwa hajitambui hawezi kusema kwamba ana kisukari, kwamba penisilini humdhuru, wala kwamba ana kifaa moyoni. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kutaja jina lake. Chipu ingetoa namba, namba ingefungua faili, na daktari asingebahatisha. Oktoba 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa hicho kwa matumizi ya kitabibu. Barua ya idhini hiyo yenyewe iliorodhesha madhara yanayowezekana: ngozi na nyama kukikataa, kuhama kutoka mahali kilipowekwa, taarifa kuvuja, kifaa kushindwa kufanya kazi, na kutopatana na mashine za MRI zinazotumia sumaku kali.

Hata hivyo matumizi yalipita kitabibu upesi sana. Mwaka huohuo wa 2004 mwanasheria mkuu wa Mexico, Rafael Macedo de la Concha, alitangaza kwamba yeye na baadhi ya maofisa wake wamepandikizwa ili waruhusiwe kuingia katika kituo cha kumbukumbu za uhalifu. Mjini Barcelona, ukumbi wa starehe wa Baja Beach Club uliwadunga wateja wake wa heshima ili walipie vinywaji bila pochi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, chipu ziliwekwa kwenye maiti huko Mississippi ili zisichanganywe. Waziri wa Afya wa Marekani, Tommy Thompson, alipoondoka serikalini mwaka 2005 aliingia katika bodi ya kampuni ya VeriChip, ambayo chipu yake ilikuwa imeidhinishwa na mamlaka iliyo chini ya wizara yake. Jambo hilo liliwapa wapinzani sababu ya kutilia shaka mchakato mzima.

Mexico ilitoa pia mfano wa ahadi iliyozidi uwezo. Hofu ya utekaji nyara ilipopanda, kampuni iitwayo Xega iliwauzia matajiri chipu kwa maelfu ya dola, ikiwaambia kwamba waliotekwa wangepatikana kwa setelaiti. Wahandisi walipinga: kidonge kisicho na betri hakiwezi kuzungumza na setelaiti. Mteja alipaswa kubeba kifaa kingine chenye GPS, na mtekaji angeweza kukitupa kichakani. Imani kwamba chipu ya mkononi humfuatilia mtu kila aendako imebaki hadi leo, na ilipandwa na wauzaji kabla haijachukuliwa na wapinzani.

Miaka ya majaribu, 2006 na 2007

Pigo la kwanza lilitoka kwa wahandisi. Mwaka 2006 Jonathan Westhues, kijana mtaalamu wa elektroniki, alionyesha hadharani kwamba namba ya VeriChip inaweza kunaswa na kifaa cha kujitengenezea, kisha kurudiwa mbele ya kisomaji kana kwamba ndiyo chipu halisi. Chipu haikuwa na siri yoyote: aliyeiuliza ilimjibu. Mwaka huohuo Westhues aliandika makala na John Halamka, daktari wa Boston aliyekuwa amejipandikiza chipu kwa hiari, pamoja na wenzao wawili. Hitimisho lao lilikuwa zito: chipu itumike kumtambua mgonjwa tu, isitumike kamwe kama ufunguo. Kitu kilicho mwilini kikifungua hazina, mwizi atakuwa na sababu ya kukata mwili. Hilo halikuwa jambo la kufikirika. Mwaka 2005 huko Malaysia, wezi wa gari lililofunguliwa kwa alama ya kidole walikuwa wamemkata mwenye gari kidole chake.

Pigo la pili lilihusu afya. Septemba 2007 shirika la habari la Associated Press lilifichua kwamba tafiti kadhaa zilizochapishwa kati ya 1996 na 2006 zilikuta uvimbe wa saratani kuzunguka chipu za panya wa maabara. Tafiti hizo hazikulenga kupima jambo hilo, panya hao wana mwelekeo wa kupata saratani kirahisi, na hakuna binadamu aliyethibitika kuugua kwa sababu hiyo. Lakini wagonjwa na madaktari waliuliza kwa nini hawakuelezwa. Wakati huo waliopandikizwa duniani kote walikuwa kama 2,000 tu, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, na idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kutoa jibu.

Pigo la tatu lilikuwa la maadili, nalo ndilo lililodumu. Mwaka 2007 mpango wa kuwadunga wagonjwa 200 wa usahaulifu huko Palm Beach, Florida, ulizua maandamano. Ilibishaniwa kwamba wale wanaodaiwa kufaidika zaidi ndio hasa wasioweza kukubali wala kukataa. Upande wa pili wa dunia, katika jimbo la Papua nchini Indonesia, baadhi ya wabunge walipendekeza kuwapandikiza chipu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliodaiwa kuambukiza wengine kwa makusudi. Pendekezo hilo lilikataliwa mwaka 2008, baada ya kilio cha madaktari na watetezi wa haki. Mgonjwa na mfungwa, mhamiaji na mzee: majina ya aina hiyo ndiyo yaliyojitokeza kila mara serikali au taasisi ilipofikiria nani aanze.

Mabunge yaliitikia. Wisconsin ilikuwa ya kwanza Marekani kupitisha, mwaka 2006, sheria inayokataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kupandikizwa, kwa faini ya hadi dola 10,000. North Dakota na California zilifuata mwaka 2007, na majimbo mengine baadaye. Kampuni ya VeriChip ilibadilisha jina kuwa PositiveID mwaka 2009 na kuacha kuitangaza chipu yake mwaka 2010. Hospitali hazikununua visomaji vya kutosha kwa kuwa wagonjwa wenye chipu walikuwa wachache, na wagonjwa hawakuona sababu ya kudungwa kwa kuwa visomaji vilikuwa vichache.

Hiari na mwajiri, 2005–2018

Wakati kampuni ikizama, watu binafsi waliendelea. Amal Graafstra wa jimbo la Washington alijipandikiza chipu mwaka 2005 ili afungue mlango wake mwenyewe, na mwaka 2013 akaanzisha kampuni ya Dangerous Things inayowauzia wapenzi wa ufundi chipu na sindano zake. Tofauti yake na VeriChip ni ya msingi: namba haikwenda kwenye orodha ya mtu mwingine. Aliyejidunga ndiye aliyeshika daftari. Chipu mpya zilitumia masafa yaleyale ya simu na kadi za benki, na zilibeba maandishi zaidi ya namba moja. Uwezo huo ulileta hatari yake. Mwaka 2010 Mark Gasson wa Reading aliweka kirusi cha kompyuta ndani ya chipu ya mkononi mwake na kuonyesha kwamba kingeweza kupenya kwenye mfumo unaoisoma.

Uswidi ndiyo nchi iliyoyachukua mambo haya mbali zaidi. Raia wake wana namba ya utambulisho tangu 1947, wamezoea kulipa bila fedha taslimu, na huiamini serikali yao kuliko watu wa nchi nyingi. Mwaka 2015 jengo la ofisi la Epicenter mjini Stockholm lilianza kuwapa waliotaka chipu za kufungulia milango na kuendeshea mashine za kuchapisha. Mpandikizaji alikuwa Jowan Österlund, mtaalamu wa kutoboa na kupamba miili, ambaye kampuni yake ya Biohax ilisambaza chipu nchini humo. Mwaka 2017 shirika la reli la SJ liliruhusu abiria kuonyesha mkono badala ya tiketi. Kufikia 2018 Waswidi waliopandikizwa walikadiriwa kuwa 4,000 hivi.

Agosti 2017 kampuni ya Three Square Market ya River Falls, Wisconsin, inayotengeneza mashine za kuuzia vyakula, iliandaa hafla ambapo makumi ya wafanyakazi wake walidungwa ili wanunue vitafunio na kuingia ofisini kwa mkono. Hakuna aliyelazimishwa, hivyo sheria ya jimbo la 2006 haikuvunjwa. Lakini hiari mbele ya bosi anayelipa gharama na kuita waandishi wa habari si sawa na hiari ya mtu aliye nyumbani kwake. Mwaka 2018 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, TUC, lilipinga mipango ya aina hiyo, likionya kwamba ingewaongezea waajiri nguvu juu ya watu walio chini yao.

Uvumi na ukweli, 2019 hadi leo

Janga la UVIKO-19 liliifanya chipu ijulikane hata vijijini, kwa njia mbaya. Machi 2020 Bill Gates alisema kwamba siku moja kutakuwa na vyeti vya kidijitali vya kuonyesha nani amepona au kuchanjwa. Kauli hiyo iligeuzwa mitandaoni kuwa mpango wa kuwatia watu chipu kupitia chanjo. Haiwezekani kwa vipimo tu: chipu ya unene wa milimita 2 haipiti katika sindano ya chanjo, ambayo haifiki milimita moja. Lakini uvumi ulikuta udongo ulioandaliwa. Wakristo wengi walikumbuka sura ya 13 ya Ufunuo, kuhusu alama mkononi au kwenye kipaji cha uso ambayo bila hiyo mtu hanunui wala hauzi. Nchini Kenya hofu hiyohiyo ya 666, namba ya mnyama katika sura hiyo, ilikuwa tayari imeiandama Huduma Namba, mfumo wa serikali wa utambulisho wa kidijitali, wakati wa usajili wa 2019.

Hasara za uvumi huo zilikuwa mbili. Watu waliikwepa chanjo, na wakati huohuo hatari halisi zilipita bila kuangaliwa. Kesi ya Huduma Namba ilieleza hatari hizo vizuri kuliko kijitabu chochote. Jukwaa la haki za Wanubi, jamii iliyohangaika kwa vizazi kupata vitambulisho, lilikwenda Mahakama Kuu pamoja na watetezi wengine wa haki likihofia kwamba asiye na karatasi leo atafutwa kabisa kesho mfumo ukiwa wa kidijitali. Januari 2020 mahakama iliamua kwamba mpango usiendelee bila kanuni thabiti za kulinda taarifa, na kwamba serikali isikusanye vinasaba wala mahali watu wanapoishi kwa GPS. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali iliusimamisha mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe. Hakuna aliyedungwa kitu, lakini swali la mwenye shida akiuza utambulisho wake ni lilelile.

Chipu yenyewe imebaki kuwa kitu cha wachache. Mwaka 2021 kampuni ya Walletmor ilianza kuuza Ulaya chipu ya kulipia dukani, na wanunuzi walihesabika. Sababu ni nyepesi: simu inafanya yote hayo bila sindano. Afrika Mashariki ililipa kwa simu kuanzia 2007, M-Pesa ilipozinduliwa, na Tanzania ilifunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanzia Januari 2020. Simu ina betri, ina GPS, na inajua mtu yuko wapi kwa namna ambayo chipu ya mkononi haijawahi kuweza. Lakini ina nafuu moja: inaweza kuachwa mezani.

Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Sheria hizo zinalinda alama za vidole na taarifa za afya, lakini hazikutungwa kwa ajili ya vipandikizi. Kifungu kinachomkataza mwajiri, shule, gereza au ofisi ya serikali kumtaka mtu apandikizwe chipu, kama kile cha Wisconsin cha 2006, ni kifupi na hakiligharimu taifa lolote fedha. Mabunge ya kanda hii yakiandike sasa, kabla hakijapatikana kisingizio cha kuanza na wagonjwa, wafungwa au wakimbizi.